Anti, baba anauliza kama amenileta Marekani nikawe kuli wa jeshi

Shikamoo Anti. Naomba jina langu usiliweke, niite tu kijana wa Tanga. Nina miaka 21, naishi Texas karibu na Dallas, tulikuja huku mimi na mama na wadogo zangu wawili miaka mitatu iliyopita, baba ndo alitangulia akatuvuta, wote tuna grini kadi. Form Four nilimaliza nyumbani Tanga. Huku nafanya kazi weahausi, shifti ya usiku, natoka saa kumi na mbili asubuhi mgongo umekufa, nalala, naamka narudi tena, yani mwaka wa pili sasa naona ukuta ule ule.

Mwezi uliopita nikaingia ofisi ya rikruta wa Air Force, yule anayeandikisha watu jeshi la anga, bila kumwambia mtu. Nikafanya ASVAB, ule mtihani wa kuingia jeshini, nikapata 52, akasema nimefaulu. Akanionyesha listi ya kazi alafu akasema ambayo naweza kuondoka nayo haraka inaitwa Air Transportation, ni mizigo na abiria kwenye ndege za jeshi, nitazunguka dunia nzima na uraia nitaupata palepale mafunzoni. Anti mimi tangu mtoto nikisikia ndege natoka nje kuangalia, sa nikajiona nishapanda tayari.

Nikarudi nikawaambia nyumbani. Baba akauliza kazi yenyewe ni nini hasa, nikamjibu kupakia mizigo na kuhudumia abiria. Akanyamaza mudaa, alafu akasema babu yako alikuwa kuli bandarini Tanga, kwenye matishari, mpaka anakufa alikuwa hawezi kunyoosha mgongo, mimi nimeuza kiwanja cha Pongwe kuwaleta Marekani, leo unaniambia unaenda kuwa kuli wa jeshi? Mama yeye wala hakuuliza kazi, alianza kulia, anasema aliona zile video za Kabul watu wanaikimbilia ndege uwanjani, mi ndo mwanae wa kiume peke yangu. Na kazini nina rafiki yangu Mkenya, kaka yake yupo jeshini, anasema rikruta kanipiga chenga, kwenye ndege sitaruka hata siku moja, nitabaki chini na foklifti.

Rikruta anapiga simu kila siku, anataka jibu wiki ijayo. Anti wewe ulishasema ulifanya kazi hii hii. Ni ukuli kweli? Nitaruka au siruki? Uraia ni kweli? Na mama nimwambie nini, maana hali chakula vizuri siku hizi.

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma nimekaa jikoni chai ikapoa, manake hilo swali la baba yako na mimi niliulizwa, tena na watu wangu wa Kurasini ambao wamelelewa na hela ya bandari. Nilivaa yunifomu miaka 8 na yote ilikuwa bandari ya ndege. Ndo wanavyoiita kweli, "aerial port", bandari ya angani, na sisi tuliofanya kazi hapo tunaitwa Port Dawg, na ukiitwa hivyo na mtu wa ndani unajisikia umepewa cheo.

Nianze na huyo rafiki yako Mkenya maana kasema kweli na ni bora uumie leo kuliko kuumia ukishasaini. Kazi ya Air Transportation, namba yake 2T2X1, ni ya chini. Anayeruka na mzigo ni mwingine kabisa anaitwa lodimasta, yeye ni mmoja wa wafanyakazi wa ndege, anapimwa afya ya kuruka, anakaa na rubani wanaondoka. Wewe unampakilia, mnakagua pamoja, anasaini, mlango unafungwa, unarudi nyuma ya mstari unaangalia taa zinapotea. Nimeziaga ndege nyingi sana mimi. Kusafiri utasafiri, utapelekwa vituo vya nje, lakini kwenye ndege utakuwa abiria kama abiria wengine. Kama roho yako inataka kuruka basi muulize rikruta habari za lodimasta waziwazi, na muulize kama kwa grini kadi inawezekana, sababu kazi zinazotaka ruhusa ya siri za jeshi hazimchukui mtu mpaka awe raia. Akizungukazunguka kwenye hilo jibu, hilo nalo ni jibu.

Sasa ukuli. Babu yako nampa heshima zake, waliobeba magunia kwenye matishari pale Tanga walibeba kwa mabega, meli imetia nanga mbali mzigo unashushwa majini unapelekwa gatini, mgongo ule haukuvunjwa na aibu, ulivunjwa na uzito. Huku uzito unabebwa na mashine. Paleti ya jeshi ni bamba la alumini inchi 108 kwa 88, tupu tu lina paundi 290, likijaa linaruhusiwa kubeba mpaka paundi 10,000, hakuna bega la mwanadamu hapo. Kuna foklifti, kuna mashine inaitwa Tunner inabeba paleti 6 kwa mpigo, paundi 60,000, inanyanyuka mpaka kwenye mlango wa ndege. Hiyo Tunner wameipa jina la jenerali William Tunner aliyesimamia zile ndege za kulisha Berlin mwaka 1948 na 1949, mji mzima uliofungiwa barabara ukaishi kwa makaa na unga ulioletwa kwa ndege, zaidi ya tani milioni 2. Makuli ndo walioupakua huo unga. Mwambie baba hivyo.

Ila sikudanganyi kwamba ni ya ofisini. Utasukuma paleti kwenye rola, utavuta minyororo, utapanga maboksi kwa mkono, utapiga magoti kwenye chuma. Kambi zenyewe, Dover kule Delaware, Travis California, Charleston, McChord, Ramstein Ujerumani, Yokota Japani, zinafanya kazi usiku na mchana, shifti ya masaa 12 ni ya kawaida, na ukipelekwa Ghuba kwenye joto lile lami inakupikia soli za viatu. Lakini ugumu mwenyewe hauko kwenye mikono mwanangu, uko kwenye hesabu, na hapa nataka unisikilize vizuri.

Nilikuwa na miezi miwili Dover, Januari, saa tisa usiku, upepo wa bahari unakata masikio. Nilijenga paleti yangu ya kwanza peke yangu, maboksi mazito chini mepesi juu, nikafunika nailoni, nikatupia neti, mbili za pembeni na moja ya juu, nikakaza, nikasimama pembeni najisikia. Akaja sajenti wetu, mama wa makamo kutoka Alabama, hakusema kitu. Akavua glovu, akapitisha mkono ukingoni pete moja moja, paleti ina pete 22, anagusa hivi anaendelea. Alipofika kama ya kumi na saba akavuta ndoano ya neti ikatoka mkononi mwake kama mtu anayechomoa sindano kwenye nguo. Nilikuwa nimeiingiza nusu. Akaniwekea ile ndoano kiganjani akasema fungua yote anza upya, na akakaa pale pale kwenye baridi mpaka nikamaliza, hakuondoka. Alikuwa angeweza kuirekebisha ile moja kwa sekunde mbili tu.

Nilichukia usiku ule. Baadae nikasoma habari za Bagram nikamwelewa. Tarehe 29 Aprili 2013, pale Bagram Afghanistan, Boeing 747 ya mizigo, ya kiraia iliyokodiwa kwa kazi ya jeshi, ilipaa ikiwa na magari 5 ya deraya tumboni. Ikainua pua, ikazidi kuinua, ikasimama hewani, ikaanguka karibu na uwanja, watu 7 waliokuwemo wote wakafa. Wachunguzi wa Marekani wakakuta kwamba gari la nyuma, angalau hilo moja, lilichomoka kwenye mikanda likarudi kinyumenyume likavunja mifumo ya kuongozea ndege kule mkiani. Mikanda ilikuwepo, na mingi tu. Haikutosha kwa uzito ule na haikufungwa inavyotakiwa.

Ndo maana utafundishwa kwamba mzigo ufungwe uweze kuhimili mara 3 ya uzito wake kwenda mbele, mara 1 na nusu kwenda nyuma na pembeni, mara 2 kwenda juu. Gari la paundi 10,000 unalifunga kama vile mbele linavuta 30,000. Na mkanda ulioandikwa 5,000 ukiufunga kwa pembe mbaya haukupi hiyo 5,000, unakupa pungufu, inabidi ujue pungufu kiasi gani. Alafu kuna kupanga ndege yenyewe, C-17 inachukua paleti 18, C-5 inachukua 36, C-130 fupi inachukua 6, na ipi ikae wapi ili ndege isielemee mkia hiyo ni hesabu, kuna watu kazi yao ni hiyo tu kwenye kompyuta. Kuna kitengo cha mizigo ya hatari, betri, mafuta, gesi, risasi, kipi kisikae na kipi. Kuna wanaofunga mizigo ya kudondoshwa kwa parashuti. Na zipo shehena ambazo hakuna anayepiga kelele karibu nazo, majeneza ya wenzetu, hayo hayawekewi kitu juu, na ukishashiriki hata mara moja hutarudi kuuliza tena kama hii ni kazi ya maana.

Unaona sasa kwanini weahausi yako siyo miaka uliyopoteza? Mtu aliyezoea kusoma lebo saa nane usiku akiwa kachoka na bado asikosee, huyo ana nusu ya kazi tayari.

Upande wa abiria watu wanaudharau, nadhani kwa sababu unafanana na kaunta ya eapoti. Familia za wanajeshi zinahama na watoto na paka, wastaafu wanakuja kusubiri viti vinavyobaki, wanaweza kukaa siku mbili tatu wanaomba nafasi na wewe ndo unawaambia leo hakuna. Inataka subira ya mama. Na hapa ndo namfikia mama yako.

Hizo video za Kabul alizoziona ni za Agosti 2021, Marekani ikiwatoa watu Afghanistan, na hofu yake siwezi kuiita ya bure. Usimwambie ni kazi salama kabisa, jeshi ni jeshi, Port Dawg wanapelekwa kufungua viwanja sehemu ambazo hakuna mtu angependa kwenda. Lakini mwambie na upande wa pili wa video ile. Tarehe 15 ndege moja ya C-17 iliondoka na watu 823, kwanza ilitangazwa 640, baadae ikajulikana watoto 183 waliopakatwa hawakuhesabiwa. Kwa jumla waliotolewa walipita 124,000. Mimi nilikuwa Ujerumani zinakotua. Kulikuwa na baba mmoja, shati limechanika begani, mkononi ana bahasha ya kaki imelowa jasho mpaka imekuwa nyeusi, tunamwonyesha kwa ishara kwamba kila kitu kipite kwenye mkanda wa kukagulia, akakataa, anaikumbatia. Nikajua bila kuambiwa ni vyeti. Baba yangu alikuwa na bahasha kama ile juu ya kabati miaka yote. Nikasimama upande wa pili wa mashine nikanyoosha mikono yote miwili aione, ikapita, nikampa kabla ya mzigo mwingine wowote. Mama yako amevuka dunia na bahasha kama hiyo, nina uhakika. Mwambie mtoto wake anaweza akawa yule anayesimama upande wa pili.

Na kama bado roho haitulii, mwambie kuna njia ya kati ambayo rikruta wa jeshi la kudumu mara nyingi haitaji kwa sababu siyo yeye anayeiandikia. Vikosi vingi vya bandari ya ndege viko kwenye rizavu, yani jeshi la akiba. Mafunzo ni yale yale, alafu unarudi nyumbani, wikendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka, ingawa ukiitwa unaenda. Uzuri wake rizavu unachukua nafasi iliyo wazi kwenye kikosi fulani, kwa hiyo kazi na mahali unavijua kabla hujasaini. Texas hapo hapo vipo, San Antonio pale Lackland rizavu wana C-5 zao. Ubaya ni kwamba mshahara wa rizavu haukutoi weahausi, na faida za shule zinaingia taratibu zaidi.

Uraia ni kweli, na hela ya maombi hulipi. Mwenye grini kadi anayetumikia kwa heshima anaweza kuomba bila kusubiri ile miaka 5 ya watu wengine, na tangu 2022 wapo wanaoapa wakiwa wanahitimu mafunzo ya mwanzo pale Lackland, yanachukua kama wiki 7 na nusu. Lakini makaratasi yako yakiwa na kasoro yatachelewa, kwa hiyo jina lako kwenye pasi, cheti cha kuzaliwa na grini kadi vilingane herufi kwa herufi, mnajua wenyewe Tanga mnavyoandikwa Mohamed leo Muhammed kesho. Na hili sikumbuki kama mtu aliniambia: ukipata uraia kwa njia hii alafu ukatolewa jeshini kwa masharti yasiyo ya heshima kabla hujatimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima, unaweza kunyang'anywa. Cheti chako cha Form Four nacho kipelekwe kutathminiwa mapema usisubiri waulize, na leseni ya gari kama huna ichukue sasa na uilinde, pale utaendesha vitu vikubwa kuliko gari la baba.

Huyo anayepiga simu kila siku mwambie kwa adabu kwamba wiki ijayo ni yake, ya kwako ni pale utakapokuwa tayari. Ana idadi anayotakiwa kuifikisha, siyo mtu mbaya, ila haraka yake siyo shida yako. Mwambie unataka kuiona kazi imeandikwa. Maneno ya mdomo "utapata hiyo usijali" hayamfungi mtu, kinachofunga ni mkataba, DD Form 4 na viambatanisho vyake, kama Air Transportation haipo kwenye viambatanisho basi hujapewa, unaweza ukaishia kazi yoyote. Na hata wakikuandikia miaka 4, jumla unayodaiwa ni 8, ile iliyobaki unakuwa kwenye akiba hata kama hufanyi mazoezi, na wanaweza kukuita. Uliza umeelewa, wala usione aibu kuuliza mara ya tatu, Kiingereza cha mkataba hata waliozaliwa huku hawakielewi.

Ukienda, kuna vitu viwili mimi nilichelewa kuvijua. Masikio na mgongo. Vaa vizibo vya masikio hata siku ambayo wote hawajavaa, mimi sikio la kushoto linaimba mpaka leo. Na kila ukiumia, hata goti limeteguka kidogo, nenda zahanati ya kambi iandikwe, usijifanye mwanaume, kisichoandikwa siku unatoka hakikuwahi kutokea, na fidia inakwenda kwa maandishi. Babu yako hakuandikiwa na mtu. Wewe utaandikiwa.

Kuna na shule pia, ile ya Post-9/11 GI Bill inalipia miezi 36 ya masomo, na ukiwa kazini unajikusanyia alama za diploma kwenye chuo cha jeshi lenyewe. Niliotoka nao wengine wako kampuni za ndege za mizigo wanapanga uzito, kazi ya kompyuta na kahawa. Baba atapenda kusikia hiyo, lakini usianzie hapo, anzia kwa babu. Kaa nae siku ambayo hajachoka, muulize babu alikuwa anafanya nini hasa kwenye matishari, nani alikuwa anapanga magunia yasielemee upande mmoja. Nina hakika babu alikuwa anajua. Alafu mwambie na wewe utafundishwa hilo hilo, la ndege.

Mkataba ukitoka usisaini siku hiyo. Piga picha kurasa zote, funika jina na namba zako, nitumie, nitausoma usiku huo huo na kukupigia. Na umwambie mama ale, wali wa nazi hata kidogo, bado hujaenda popote.